Kibonge na Mwizi Wake

Naanza kwa kukiri, maana wanaonijua watasema hata nisiposema: niliiba. Niliiba nyumbani kwa wifi yangu, mchana kweupe, nina pini mdomoni na futi shingoni, na wala sikuiba mara moja. Mchovya asali hachovyi mara moja. Lakini kabla hujanihukumu, sikiliza kwanza nilichoiba ni nini.

Niliiba jani.

Si jani la dawa wala la mboga. Ni jani la mmea mdogo unaokaa kwenye kikombe cha bati kilichobanduka rangi ukingoni. Mmea wenyewe haufiki hata shibiri, majani yake mafupi, manene, yamejaa maji kama vidole vya mtoto mchanga aliyeshiba. Jina lake la kitaalamu silijui na sina haja nalo. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alimwita Kibonge, nasi sote tukamwita hivyo hivyo.

Huyo Kibonge naye asili yake ni wizi. Mama mkwe alikuwa akitusimulia bila haya. Siku moja alikwenda kung'olewa jino, akamwona Kibonge mkubwa dirishani, kwenye chumba cha kusubiria. Wakati wa kutoka, shavu limevimba, akachomoa jani moja akalitia kwenye pochi. "Daktari aliniachia pengo, na mimi nikamwachia lake," alikuwa akisema, anacheka mpaka anakohoa. Ukimuuliza kwa nini hakuomba tu, anakutazama kama mtu asiye na akili. "Mmea hauombwi. Cha kupewa kinaoza, cha kuibwa kinashika." Jirani akimwomba jani, alimnyima palepale, kisha akaenda jikoni na kukaa huko kitambo kirefu, ili mwenzake apate nafasi ya kuiba.

Wifi yangu ndiye binti yake wa pekee. Ni muuguzi mstaafu, miaka thelathini na mitano wodini, na mtaa mzima unamwita Sista. Mgongo wake umenyooka kama ukuta. Hata akikukaribisha kiti, unasikia kama unapewa kitanda namba nne. Mimi ni fundi cherehani. Nafanya kazi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, na nimeolewa na kaka yake, mwalimu wa hesabu, mtu mpole asiyependa ugomvi, ambaye Mungu alimpa dada mmoja na mke mmoja ili ajue maana ya subira.

Sasa kisa. Miaka sita iliyopita mama mkwe aliugua, na ugonjwa wake ulichukua miezi saba. Mimi ndiye niliyemwogesha, nikamlisha, nikamgeuza ubavu huu na ubavu huu. Alipokuwa nyumbani niliweka cherehani miguuni pa kitanda chake, nikawa nashona huku namtazama. Sauti yake ilipokatika, kila asubuhi nilimtoa Kibonge dirishani nikamsogezea kitandani, naye akawa anayagusa majani kwa kidole, moja moja, kama anayahesabu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Wiki za mwisho alilazwa. Wifi alikuwa zamu kwenye wodi ya jirani, akija na sare yake na kalamu yake, na ndiye aliyejaza fomu iliyoning'inizwa miguuni pa kitanda. Ndugu wa karibu: jina lake. Uhusiano: mtoto. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine, wa mtu anayeshinda na mgonjwa. Hapo aliandika: Msaidizi. Jina langu hata hakuliweka. Msaidizi, basi, kama wa kukodi.

Nililisoma neno hilo kila nilipomgeuza mama. Nililimeza, ila halikushuka, likakaa hapo kooni.

Baada ya msiba vitu viligawanywa. Nilinyoosha mkono kuchukua kile kikombe cha bati, wifi akanitangulia. "Hicho changu mimi," alisema mbele ya watu wote, akakitia kwenye mkoba na kufunga zipu. Mimi nikapewa cherehani ya zamani ya mama. Watu wakasema nimebahatika, nimepata kikubwa. Kikubwa! Kana kwamba nilikuwa nimelilia ukubwa.

Miaka sita tuliishi hivyo, mtaa mmoja, salamu safi, utani wa mawifi kila siku, na kooni kuna mfupa. Kisha mwaka huu, siku moja wifi akaja kibarazani kwangu na furushi la kitambaa.

"Wifi, nahama," akasema. "Magoti yamenichosha. Nakwenda kukaa kwa binti yangu. Baada ya miezi mitatu atamtuma mumewe na gari."

Kwa binti yake ni safari ya kutwa nzima. Nikauliza kitu cha kwanza kilichonijia.

"Na Kibonge?"

"Kibonge nimwachie nani? Anakaa mapajani kwangu mpaka huko." Akaweka furushi mezani. "Nishonee magauni matatu, na moja liwe la safari. Huko sijui mafundi wao. Na kitambaa kitakachobaki nakitaka, wifi, mpaka uzi. Nyie mafundi nawajua."

"Kitambaa cha kwako nikiibe nikifanyie nini? Nitambae nacho?"

Alicheka, nikacheka. Lakini usiku wangu haukuwa na usingizi, na asubuhi nilikuwa nimeshakata shauri. Kumwomba jani, thubutu! Bora nimeze sindano. Nilishawahi kunyoosha mkono mara moja na nikaumbuliwa. Nilichukua gauni langu la kazi, nikalifumua pindo la mkono wa kushoto, nikashona humo ndani mfuko wa siri wa bitana, wa kutosha jani moja tu. Kazi safi, hata mimi mwenyewe nikiutafuta ilibidi nipapase. Ilinichukua dakika kumi na tano na aibu kidogo.

Kwa sababu ya magoti yake, kupima na kujaribisha kulikuwa nyumbani kwake. Kibonge alikuwa dirishani sebuleni, kapendeza, kashiba, na kando yake imeegemezwa kadi. Ndiyo, kadi ya mgonjwa. Hospitali ilipohamia kwenye kompyuta, wifi aliokota rundo la kadi za zamani zilizokuwa zinatupwa, na moja akamfungulia Kibonge. Tarehe, maji, hali ya mgonjwa. Maji yalikuwa mililita kumi kila Jumapili ya pili, kwa bomba la sindano. Na mwisho wa kila mstari, idadi ya majani. Thelathini na moja. Alikuwa akiyahesabu kila asubuhi.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilimpima mabega, nikampima kiuno, nikamwambia, "Geuka uangalie ukutani, wifi, nipime mgongo," na mkono wangu wa kushoto ukaenda dirishani peke yake. Nikavuta. Jani likakatika katikati. Nusu iliyobaki kwenye shina ikawa inanikodolea macho. Hiyo nusu yangu nikaisukuma mfukoni, nikasoma futi kwa sauti, na nadhani mgongo wake niliupa namba ya magoti.

Nyumbani nililipa lile jani heshima zote. Udongo mweusi wenye mbolea, maji asubuhi, maji jioni. Siku ya tano lilikuwa uji.

Baada ya wiki mbili nilirudi na gauni la kwanza la kujaribisha. Hata sijaweka mkoba chini, wifi akasema, "Thelathini."

"Thelathini nini?"

"Majani. Yalikuwa thelathini na moja."

"Panya hao," nikasema, na pini nikazitia mdomoni haraka ili nisihojiwe zaidi.

"Mm. Panya." Akainua mkono nimwekee pini kwapani. "Panya mwenyewe hajasoma. Amekata juujuu, kaacha nusu ya mwili. Jani la huyu halivutwi. Unalisukuma pembeni, taratibu, huku na huku, linatoka zima na kitako chake. Bila kitako hakuna mzizi." Kisha akasema ana kiu, akajikongoja jikoni.

Mimi nilimwona mtu anayejisifu. Nilisema moyoni, endelea tu kujisifu, mjinga akierevuka mwerevu yupo mashakani. Nikalisukuma jani pembeni, huku na huku, likatoka zima na kitako chake. Akakaa jikoni hata nikapata nafasi ya kumsafishia dirisha.

Jani la pili nililiweka kwenye kisosi nyuma ya cherehani ya mama, nikafunika na kipande cha kitambaa. Kesho yake, nilipotoka sokoni kununua uzi, kisosi kilikuwa kitupu. Nikageuka, nikaliona ndani ya glasi ya maji, limezama mpaka chini, kama meno ya bandia ya mzee.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," akasema mume wangu, anasahihisha madaftari. "Nimeliona limesinyaa, nikalionea huruma. Kwani si jani la Kibonge hilo?"

"Si jani la mtu yeyote."

"Mke wangu, si umwombe tu?"

"Ukinitajia neno kuomba tena humu ndani, leo utapika mwenyewe."

Akatia vema kwenye daftari. "Mimi jani sijaliona," akasema. Lile jani nalo lilioza, maana lilishakunywa ya kumtosha punda.

Jani la tatu linanitia aibu mpaka leo, kwa sababu hapo hakuna wa kumlaumu. Lilitoka vizuri, zima, wifi akanibebesha na nyanya mbili za kula njiani, nikafika nyumbani nimeloa jasho na gauni limekunjamana. Fundi hatembei na mikunjo. Mteja akikuona hivyo anajiuliza la kwake litakuwaje. Mkono wangu umezoea miaka mingi: mshono kwanza, pasi pili, mengine baadaye. Nikavua, nikatandaza gauni mezani, nikashika pasi ya moto, nikaanza na mkono wa kushoto.

Likasema *chwiii*.

Nilisimama hapo na pasi hewani, harufu ya mboga ya kuungua imejaa chumba kizima. Nilifua lile gauni kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Doa la kijani halikutoka. Na gauni lingine lenye mfuko wa siri sikuwa nalo, na moyo wa kushona mwingine sikuwa nao, kwa hiyo nikalivaa vilevile kwenda kwa wifi mara ya nne.

"Doa gani hilo mkononi?" akauliza kabla ya salamu.

"Mafuta ya cherehani."

"Cherehani yako inatoa mafuta ya kijani?"

"Ya zamani hiyo, ya mama. Ina mambo yake."

Akanitazama kwa muda, midomo ameibana. Kisha akasimama juu ya kigoda nimpinde gauni la pili, akaanza hadithi zake za wodini, ambazo nilikuwa nimezisikia mara mia. Safari hii ilikuwa ya mgonjwa mmoja na kidonda chake. "Ndugu zake walikuwa na papara, wifi. Kidonda kibichi, wao wanafunga. Kinaoza. Kidonda unakiacha wazi, kikauke, kishike ngozi, siku nne hivi, ndipo umpeleke mahali pengine. Na maji! Kila anayepita anamwonea huruma anamnywesha. Mgonjwa hanyweshwi kwa huruma, ananyweshwa kwa haja." Nikaitikia mm, mm, na pini mdomoni. Lakini masikio yangu hayakuwa na pini. Kila neno niliweka akilini.

Kisha akaenda jikoni kutafuta miwani, na miwani iko usoni.

Nikageukia dirisha, na kwa nilichokiona nikasema Mungu si Athumani. Juu ya ubao wa dirisha, nje ya kikombe, kulikuwa na jani limelala peke yake. Zima, nene, lina kitako chake, na kidonda kimeshakauka kabisa. Chini yake kulikuwa na kipande kidogo cha pamba. Nikasema limeanguka lenyewe, na hiyo pamba nikasema ni uchafu wa dirisha. Chuki ni kitu cha ajabu. Inakufumba macho huku unajiona wewe ndiye mjanja kuliko wote. Nililitia mfukoni, nikavua gauni hilo mara nilipofika nyumbani, na pasi nikaichomoa ukutani kabisa.

Zilikuwa zimebaki siku arobaini kabla ya wifi kuondoka. Niliziona ni mbaya, maana wote tunajua za mwizi ni ngapi.

Nilichukua kopo la vifungo, nikalitoboa chini kwa msumari. Nikatia mchanga mkavu, kokoto ndogo na vipande vya mkaa, nikalilaza jani juu, kitako kimegusa tu. Maji sikumpa. Mume wangu nilimlisha kiapo kuhusu glasi. Asubuhi nililisogeza kopo kwenye mwanga wa dirisha, jua likiwa kali nikalirudisha nyuma ya cherehani. Kila nikimaliza kuzungusha uzi kwenye bobini ya cherehani, nachungulia. Wiki ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna, na jani limeanza kukunja uso. Nilijikuta naongea nalo. Nililiambia, wewe ni wa kuibwa, bibi yako alisema mtashika, sasa unaniaibisha nini?

Siku ya ishirini na moja niliona uzi. Niliudhania wangu, nikataka kuupuliza. Ulikuwa mzizi, mwembamba, wa waridi, umeshuka kutafuta mchanga. Nilipiga yowe, mume wangu akaja mbio akidhani sindano imenipita kidoleni. Nikanyunyiza matone matatu tu kwa ile chupa ninayonyunyizia nguo za kupiga pasi. Siku ya thelathini na tatu, penye kitako pakatokeza vijani viwili vya kijani, kila kimoja kama punje ya mtama. Nililia, sioni haya kusema. Nilimwona mama na kidole chake.

Hapo ningetulia. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, wifi aende salama. Lakini siku ya kujaribisha gauni la safari, simu yake ililia, alikuwa binti yake. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, naweka pindo. Nikamsikia wifi akisema, "Ngoja nitakupigia baadaye, mama. Niko na fundi hapa, ananisaidia."

Niko na fundi. Ananisaidia. Miaka ishirini na mitatu niko kwenye ukoo huu!

Nikamaliza pindo. Nilirudi nyumbani, nikakata kipande cha utepe mweupe, nikatia uzi mwekundu, nikatarizi kwa mkono, herufi kwa herufi, kwa hasira ambayo haikutetemesha hata mshono mmoja: *Imeshonwa na msaidizi.* Nikaishona ndani ya ukosi wa gauni la safari, nyuma, panapogusa shingo. Nilijua ataiona akishafika huko, akivua. Atakaa kitandani kwa binti yake, aisome, na mimi sipo. Usiku huo nililala usingizi mtamu.

Siku ya safari gari lilisimama mlangoni kwake saa mbili asubuhi. Mkwe wake akapakia masanduku. Wifi akatoka na gauni langu, na lazima niseme lilimkaa kama amezaliwa nalo. Mapajani akapakata kasha la viatu, Kibonge ndani, kikombe kimezungushiwa taulo.

"Kitambaa changu kilichobaki kiko wapi?" akauliza kwenye dirisha la gari.

"Hakikubaki."

"Mwizi wewe."

"Safari njema, wifi."

Mume wangu akamkumbatia dada yake dirishani, akaenda kusimama kando. Wifi akanipa bahasha. "Usifungue mpaka gari likate kona." Sauti yake ilikuwa ya wodini. Gari likaondoka, likakata kona, nikaifungua.

Ilikuwa kadi ya Kibonge. Nikadhani kaniachia ya kumbukumbu. Kisha nikageuza nyuma, nikakuta mwandiko wake ulionyooka.

*Jani la kwanza. Limekatwa vibaya. Halitapona. Nimemfundisha.*

*Jani la pili. Limetolewa vizuri. Limefariki kwa maji mengi. Kaka amekiri kwa simu.*

Nikainua macho, nikamtafuta mume wangu. Alikuwa anaangalia mawingu.

*Jani la tatu. Limefariki. Sababu: pasi. Nimeona doa.*

*Jani la nne. Nimelitoa mwenyewe. Nimelikausha siku nne juu ya pamba. Ningempa mkononi, lakini Mama alisema cha kupewa kinaoza. Nimekaa jikoni dakika ishirini, hakuna hata kiti. Amelichukua. Hali ya mgonjwa: ana mizizi.*

Na chini kabisa, pale kwenye mistari iliyochapwa:

*Ndugu wa karibu:* hapo liliandikwa jina langu, langu kamili, la kwetu, ambalo sidhani kama amelitamka tangu siku ya harusi. *Uhusiano: mtoto.* Na pembeni, kama wauguzi wanavyosahihisha, sahihi yake na maneno haya: *Fomu ya kwanza ilikosewa. Sahihi ni hii.*

Nilikaa chini, hapo hapo barabarani, kwenye ngazi ya nyumba isiyokuwa na mtu. Nililia mpaka kadi ikaloa pembeni. Kile kitu cha kooni kilishuka chote kwa mara moja. Halafu, machozi hata hayajakauka, nikaikumbuka lebo.

"Simu!" nikamwambia mume wangu. "Simu yangu iko wapi?"

"Umefanya nini?"

Nikamwambia nilichoandika. Alikaa kando yangu polepole, akashika kichwa. "Nyie wanawake wawili," akasema, "mngekuwa wanafunzi wangu ningewahamisha darasa."

Nilipiga, haikupokelewa. Nikapiga tena. Mara ya sita, saa nzima baadaye, akapokea.

"Wifi," nikasema. "Mmefika wapi?"

"Tumesimama kutia mafuta. Kuna nini? Umesahau pini kwenye gauni? Kuna kitu kinanikwaruza shingoni tangu tutoke."

"Ni lebo."

"Najua ni lebo. Nimeisoma jana nilipokuwa napiga pasi. Mimi huwa naangalia ndani kabla ya kupiga pasi, wifi. Sijui wenzangu."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. "Umeisoma jana, na leo ukalivaa hivyo hivyo? Na kadi ukanipa?"

"Neno lenyewe si nililiandika mimi? Acha linikwaruze."

Nilisikia magari yakipita upande wake, na mkwe wake akimuuliza kama anataka maji. Niliomba msamaha. Nilisema maneno mengi, mengine hayakuwa na kichwa wala miguu. Nikamwambia achukue kiwembe, akate nyuzi nne tu za pembeni, utepe utatoka.

"Sikati," akasema. "Mimi ni muuguzi, si fundi. Uje ufumue mwenyewe. Na uje na huyo mtoto wa kwenye kopo la vifungo, nimwone kama anakua sawasawa. Kaka yangu, huyo mnyweshaji maji, umwache nyumbani. Na uje na kitambaa changu."

"Nimekwambia hakikubaki."

"Wifi."

"Kilibaki kidogo."

Akakata simu anacheka. Nakwenda wiki ijayo. Mtoto wa Kibonge amefikisha majani matano, nimemfungulia kadi yake, na nimeshashona gauni langu la safari. Lina mifuko minne ya siri, miwili kila mkono, na yote nimeishona kwa kitambaa chake.